Kuzitambua seva zote za mtandao wa kampuni kwa dirisha la amri: nianze na amri ipi?

MtunzaSeva ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Hivi karibuni nimekabidhiwa usimamizi wa mtandao wa kampuni ya usambazaji wa bidhaa ambayo makao yake makuu yako Dar es Salaam, na ina matawi Mwanza na Mbeya. Aliyekuwa akiushughulikia mtandao huo amekwisha kuhamia kwingine, na nyaraka alizoziacha ni karatasi ya nywila pamoja na mchoro wa zamani usiolingana na vifaa vilivyomo kabatini. Ninajua kwamba tunatumia domeni ya Active Directory (daftari la Microsoft la akaunti za watumiaji na kompyuta za mtandao), ambayo hapa nitaiita mfano.local, lakini sijui kwa hakika tuna seva ngapi, zipi kati yake ni vidhibiti vya domeni (seva zinazotunza daftari hilo na kuthibitisha wanaoingia), ipi imebeba hifadhidata ya programu ya uhasibu, wala ipi inahudumia printa.

Kupita chumba kwa chumba hakutanisaidia, kwa kuwa baadhi ya seva ni za kipepe, zinaendeshwa ndani ya mashine nyingine na hazionekani kwa macho. Ndiyo maana ningependa kutumia amri, ili matokeo niyahifadhi katika faili na kuyalinganisha tena hapo baadaye.

Nilipoandika `net view`, nilipata kosa namba 6118 linalosema kwamba orodha ya seva haipatikani kwa sasa. Nilipoandika `dsquery server`, yalitoka majina matatu tu, yaani DSM-DC01, DSM-DC02 na MWZ-DC01, ilhali kabatini peke yake kuna mashine zaidi ya hizo. Nilipoandika `nslookup mfano.local`, zilirudi anwani nne: 192.168.10.5, 192.168.10.6, 192.168.30.5 na 192.168.56.1. Ile ya pili na ile ya mwisho haziitiki kwa `ping`.

Jambo jingine, ambalo huenda linahusiana na haya, ni kwamba watumishi wa Mwanza hulalamika kila asubuhi kuwa kompyuta zao huchelewa sana kuingia, ingawa tawi lina kidhibiti chake cha domeni papo hapo.

Naomba kuelekezwa ni amri zipi zitanipa orodha ya kuaminika, na kwa nini amri hizi tatu zinanipa majibu yasiyofanana.

---

Mzizi_wa_DNS amejibu:

Ndugu MtunzaSeva, hongera kwa kazi mpya, na pole kwa kukosa nyaraka. Majibu hayafanani kwa sababu kila amri uliyoitumia imeuliza mahali tofauti, na hakuna hata moja iliyouliza swali ulilokuwa nalo kichwani.

Nianze na `net view`. Amri hiyo ilitegemea huduma ya Computer Browser, na huduma hiyo nayo ilitegemea SMB 1, itifaki ya zamani ambayo Microsoft iliacha kuiweka kwa kawaida kuanzia Windows 10 toleo la 1709 la mwaka 2017. Ukitafuta kosa la 6118 mtandaoni utakutana na watu wengi wanaoshauri SMB 1 iwashwe tena. Tafadhali usifanye hivyo. Programu hasidi ya WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kwa kutumia udhaifu uliokuwamo humo humo, na orodha ya majina haina thamani ya kuufungua tena mlango huo.

Kuhusu `dsquery server`, amri hiyo haitafuti kila mashine yenye Windows Server. Inatafuta vidhibiti vya domeni pekee, kama vilivyoandikwa katika sehemu ya saiti (maeneo ya mtandao, kama vile tawi) ndani ya Active Directory. Kwa hiyo majina matatu uliyoyapata ni jibu sahihi kwa swali jingine. Hata hivyo halisemi kama seva hizo tatu ziko hai, na hapo ndipo DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) na nltest (amri ya Windows ya kuchunguza vidhibiti) zinapohitajika.

Uliza kwanza DNS kwa amri hii:

`nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.mfano.local.`

Nukta iliyo mwishoni isiachwe, maana bila hiyo nslookup inaweza kubandika kiambishi cha domeni nyuma ya jina na kukurudishia jibu la kukanganya. Rekodi za aina ya SRV, ambazo muundo wake umeelezwa katika RFC 2782 (waraka wa viwango vya intaneti) ya mwaka 2000, zina mambo manne: kipaumbele, uzito, namba ya mlango na jina la seva inayotoa huduma. Kwa vidhibiti vya domeni kwa kawaida utaona kipaumbele 0, uzito 100 na mlango 389. Rekodi hizi huandikishwa na kidhibiti chenyewe kupitia huduma ya Netlogon kila inapoanza. Kilichokufa ghafla bila kuondolewa rasmi hakina wa kukifutia rekodi zake, nazo zinaweza kubaki muda mrefu. DNS ni kama daftari la wageni: inakuonyesha nani aliwahi kusaini, haikuhakikishii kwamba bado yumo ndani.

Baada ya hapo, linganisha na amri hizi mbili:

`nltest /dclist:mfano.local`

`nltest /dsgetdc:mfano.local /force`

Ya kwanza huorodhesha vidhibiti pamoja na saiti vilimo, kadiri inavyozifahamu, na kuonyesha ni kipi chenye jukumu la PDC (kidhibiti kikuu). Ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa hufanya kile kile ambacho kompyuta ya mtumishi hufanya wakati wa kuingia: hutafuta kidhibiti kinachoitika kwa kweli, kisha ikakutajia jina lake, anwani yake, saiti yake na saiti ya kompyuta unayoitumia. Neno `/force` huilazimisha itafute upya badala ya kukurudishia jibu ililolihifadhi awali. Wengi hutegemea `echo %LOGONSERVER%` kwa kazi hii, lakini thamani hiyo inaweza kuwa ya zamani, hasa mtu anapoingia kwa nywila iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta wakati mtandao haupo.

Sasa zile anwani nne. Kila kidhibiti huandikisha anwani yake chini ya jina la domeni lenyewe, kwa hiyo vidhibiti vitatu vyenye kadi moja moja vingekupa anwani tatu. Ya nne, 192.168.56.1, naitilia shaka kubwa, kwa kuwa ndiyo anwani ambayo VirtualBox (programu ya kuendesha mashine za kipepe) huipa kadi yake ya ndani isipobadilishwa. Angalia kama kuna mtu aliyeisakinisha VirtualBox juu ya mojawapo ya vidhibiti vyako. Ikiwa ndivyo, kompyuta za watumishi zitakuwa zikipewa anwani hiyo mara kwa mara, zikaisubiri bila mafanikio, kisha zikajaribu nyingine.

Kuhusu Mwanza, kaa kwenye kompyuta ya mtumishi yeyote wa huko na uandike:

`nltest /dsgetsite`

Ukipata jina la saiti ya Mwanza, chanzo cha ucheleweshaji kiko kwingine. Ukipata kosa la 1919 lenye maneno ERROR_NO_SITENAME, maana yake mtandao mdogo wa tawi hilo haujasajiliwa katika Active Directory, na kompyuta zake huchukua kidhibiti chochote cha domeni, kikiwamo cha Dar es Salaam. Kiini cha jambo hili ni kwamba kompyuta haijui iko wapi. Kidhibiti ndicho kinachoiambia, kwa kuitazama anwani yake ya IP na kuilinganisha na orodha ya mitandao midogo iliyosajiliwa. Vidhibiti vyenyewe huandika kila kompyuta isiyo na saiti katika kumbukumbu zao, nawe unaweza kuzisoma ukiwa juu ya kidhibiti:

`findstr NO_CLIENT_SITE %SystemRoot%\debug\netlogon.log`

Tuletee majibu ya amri hizi tuyatazame pamoja.

---

KaramuNaAmri amejibu:

Naunga mkono maelezo ya Mzizi_wa_DNS, ila yamehusu vidhibiti vya domeni zaidi, ilhali muulizaji anataka kuzijua seva zote. Kwa hilo inafaa kuuliza akaunti za kompyuta zilizomo katika Active Directory, na amri ya zamani bado inafanya kazi vizuri:

`dsquery * domainroot -filter "(&(objectCategory=computer)(operatingSystem=*Server*))" -attr name operatingSystem -limit 0 > seva.txt`

Usisahau `-limit 0`. Bila hiyo, dsquery husimama baada ya matokeo 100, na katika kampuni yenye kompyuta nyingi unaweza kuamini umeziona zote kumbe umeona sehemu tu. Kama kompyuta yako haina dsquery, sakinisha zana za RSAT (zana za Microsoft za kusimamia seva kutoka mbali). Kuanzia Windows 10 toleo la 1809 zinapatikana ndani ya mipangilio ya Windows kama vipengele vya hiari, isipokuwa kwenye toleo la Home.

Mimi binafsi napendelea PowerShell (dirisha jipya zaidi la amri la Windows) kwa kazi hii, kwa sababu matokeo yake yanaingia moja kwa moja katika jedwali:

`Get-ADComputer -Filter 'OperatingSystem -like "*Server*"' -Properties OperatingSystem,IPv4Address,LastLogonDate | Sort-Object LastLogonDate | Select-Object Name,OperatingSystem,IPv4Address,LastLogonDate | Export-Csv seva.csv -NoTypeInformation`

Safu mbili za mwisho zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. IPv4Address haimo ndani ya Active Directory. PowerShell inaitafuta kwenye DNS wakati ule ule unapoiuliza, kwa hiyo ikiwa tupu maana yake DNS haina rekodi ya mashine hiyo. LastLogonDate nayo hutokana na kumbukumbu ambayo kwa makusudi haisasishwi kila mara, na inaweza kuwa nyuma ya ukweli kwa takribani wiki mbili. Seva inayoonyesha siku 10 zilizopita inaweza kuwa inafanya kazi sasa hivi, lakini inayoonyesha miezi sita ama imezimwa, ama imetupwa, ama imesakinishwa upya kwa jina jingine.

Hakuna haja ya kutumia akaunti ya msimamizi mkuu wa domeni kwa maswali haya, kwani mtumiaji wa kawaida wa domeni anaruhusiwa kuyasoma haya yote isipokuwa mtu awe ameibadilisha mipangilio. Kila unapoingia kwa akaunti kubwa kwenye kompyuta ya kawaida kwa ajili ya kusoma orodha tu, unaiacha akaunti hiyo mahali ambapo inaweza kuibwa.

Kwa hifadhidata ya uhasibu, ikiwa ni ya SQL Server, jaribu amri hii:

`setspn -Q MSSQLSvc/*`

SQL Server ikipata ruhusa hujiandikisha katika Active Directory kwa jina la huduma linaloanza na MSSQLSvc, na amri hii inakuonyesha akaunti iliyobeba jina hilo pamoja na mashine inayohusika. Si orodha kamili, maana ile isiyopewa ruhusa haijiandikishi. Faida yake ni kwamba inaweza kuifichua hifadhidata iliyo mahali usipopategemea. Katika kampuni nyingi za kiasi hicho, programu ya uhasibu haikai kwenye seva hata kidogo; inakaa kwenye kompyuta ya mezani ya mhasibu, ambayo kichujio cha `*Server*` hakiwezi kuiona.

Printa zilizotangazwa katika Active Directory utazipata hivi:

`dsquery * -filter "(objectCategory=printQueue)" -attr printerName serverName -limit 0`

Na seva za DHCP (zinazogawa anwani za IP kwa kompyuta) zilizoidhinishwa katika domeni:

`netsh dhcp show server`

---

Pwani_Linux amejibu:

Salamu kutoka Mombasa. Wenzangu wamemaliza upande wa Windows, nami nitaongeza mambo machache kwa anayefanya kazi hii akiwa kwenye Linux, kisha nitagusia mashine ambazo Active Directory haizijui kabisa.

Kwenye Linux, swali la vidhibiti linaulizwa hivi, ukiitaja anwani ya seva ya DNS ya kampuni waziwazi:

`dig @192.168.10.5 +short SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.mfano.local`

Nasisitiza kuitaja anwani kwa sababu ya jina lenyewe. Domeni nyingi zilizoanzishwa zamani ziliishia na .local, kisha mwaka 2013 RFC 6762 ikakitenga kiambishi hicho kwa ajili ya mDNS, yaani utaratibu wa vifaa kuulizana majina vyenyewe kwa vyenyewe bila seva. Kwa hiyo mifumo mingine ya Linux, kulingana na ilivyopangwa, huweza kulipeleka jina linaloishia na .local kwenye mDNS badala ya seva yako ya DNS. Ukiona `dig` iliyotajiwa anwani inajibu, lakini `getent hosts dsm-dc01.mfano.local` inakaa kimya, usiilaumu seva. Tazama kwanza mpangilio wa kutafuta majina katika kompyuta yako. Hali hiyo ina pacha wake upande wa Windows: `nslookup` huenda moja kwa moja kwenye DNS bila kupitia faili ya hosts, ilhali `ping` huipitia, na ndiyo maana mbili hizo wakati mwingine hutaja anwani tofauti kwa jina moja.

Kisha kuna seva zisizo na akaunti katika domeni: hifadhi ya faili ya mtandaoni, kinasa picha za kamera za ulinzi, mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, mashine inayobeba seva za kipepe, na seva ya Linux ambayo mtu aliiweka kwa mradi uliokwisha kusahaulika. Hizo hazitatokea katika swali lolote la LDAP (itifaki ya kuuliza Active Directory). Kwa hizo, nmap, programu ya kuchunguza mtandao, inafaa:

`sudo nmap -sn 192.168.10.0/24`

`sudo nmap --open -p 22,80,443,445,1433,3389 192.168.10.0/24 -oN matokeo.txt`

Amri ya kwanza, ukiwa ndani ya mtandao mdogo ule ule, hutumia ARP (utaratibu wa kutafuta kadi yenye anwani fulani ya IP), na ni vigumu kifaa kujificha hata kama faiwoli yake imezuia `ping`. Ukiwa tawi jingine ng'ambo ya ruta, ARP haifiki, na vilivyofungwa na faiwoli vinaweza kukosekana, hivyo kila tawi lichunguzwe kutoka ndani ya tawi lenyewe. Matokeo hayo ya ARP yana faida nyingine: anwani ya kadi inayoanza na 00:50:56 au 00:0C:29 ni ya VMware, 00:15:5D ni ya Hyper-V, na 08:00:27 ni ya VirtualBox. Hivyo ndivyo utakavyozitenga seva za kipepe na mashine halisi bila kufungua kabati.

Kabla ya kugusa nmap, pata ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye mamlaka, inayotaja mitandao midogo itakayochunguzwa na saa za kufanya kazi hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kama ilivyo ile ya Kenya ya mwaka 2018, inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa. Kuchunguza mtandao wa mwajiri wako kwa idhini yake ni kazi halali, lakini maandishi hukulinda siku ambayo kifaa fulani kitaanguka na watu wakaanza kuulizana nani alikuwa akifanya nini. Usichunguze kila mlango wa kila kifaa saa za kazi. Baadhi ya printa za zamani huchapisha kurasa za takataka zikitumiwa chochote kwenye mlango 9100.

---

MtunzaSeva amejibu:

Ndugu zangu, nawashukuru nyote. Nimefuata maelekezo na nimepata yafuatayo.

Rekodi za SRV bado zinavitaja vidhibiti vyote vitatu. Hata hivyo `nltest /dsgetdc` yenye `/force`, kila nilipoirudia, ilinipa ama DSM-DC01 ama MWZ-DC01. Nimeikuta DSM-DC02 ni seva ya kipepe iliyozimwa, na kwa mujibu wa tarehe za faili zake haijawashwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Anwani ya 192.168.56.1 ni ya DSM-DC01, na kweli VirtualBox imesakinishwa humo.

Mwanza nimepata kosa la 1919 kwenye kompyuta za watumishi. Katika saiti umesajiliwa mtandao mdogo wa 192.168.20.0/24 peke yake, ambao ulitumika kabla ya tawi kubadilishiwa ruta. Sasa tawi linatumia 192.168.30.0/24, na netlogon.log ya DSM-DC01 imejaa majina ya kompyuta za Mwanza.

Amri ya setspn imenishangaza. SQL Server imejiandikisha kwenye ACC-PC03, kompyuta ya mezani yenye Windows 10 katika chumba cha wahasibu, kama alivyotabiri KaramuNaAmri.

Nauliza: je, naweza kuifuta DSM-DC02 bila madhara, au niiwashe kwanza na kuiondoa kwa utaratibu? Na haya yote nianze na lipi?

---

Mzizi_wa_DNS amejibu:

DSM-DC02 usiiwashe ikiwa imeunganishwa na mtandao. Kitu kinachofutwa katika Active Directory huacha alama kwa muda maalumu, kwa kawaida siku 180 katika misitu (makundi ya domeni za Active Directory) iliyoanzishwa tangu Windows Server 2003 SP1, ili vidhibiti vingine vipate habari ya kufutwa kwake. Kidhibiti kilicholala kupita muda huo kimezikosa alama hizo, na kikiamka kinaweza kubaki na akaunti ambazo kwingineko zimefutwa, au hata kuzirudisha. Kwa hiyo kiondolewe kikiwa kimezimwa.

Kabla ya kukiondoa, hakikisha hakikubeba jukumu lolote la pekee (FSMO, yaani kazi inayofanywa na kidhibiti kimoja tu):

`netdom query fsmo`

Ikiwa majukumu yote matano yako kwa DSM-DC01, endelea. Ikiwa lolote liko kwa DSM-DC02, italazimu ulinyakue kwa `Move-ADDirectoryServerOperationMasterRole` yenye `-Force`, na ukishafanya hivyo seva ile isirudi tena kwenye mtandao. Kisha tazama kama vidhibiti viwili vilivyobaki vinapelekeana mabadiliko bila makosa:

`repadmin /replsummary`

Usifute chochote hadi DSM-DC01 na MWZ-DC01 ziwe safi katika ripoti hiyo, tena ukiwa na nakala rudufu ya hali ya mfumo ya angalau mojawapo. Baada ya hapo ifute akaunti ya kompyuta ya DSM-DC02 katika fungu la Domain Controllers. Tangu zana za Windows Server 2008, kufuta huko huondoa pia taarifa zake za ndani, kazi ambayo zamani ilihitaji ntdsutil. Kilichobaki cha jina lake ndani ya saiti na kwenye DNS ukifute kwa mkono, na hapa naomba usipite haraka: chunguza pia kama DHCP inawagawia watumishi 192.168.10.6 kama seva ya DNS. `ipconfig /all` kwenye kompyuta yoyote ya Dar es Salaam itakuonyesha. Ikiwa imo, kompyuta zimekuwa zikiiuliza seva iliyozimwa kwa zaidi ya mwaka, na huenda Dar nao wamekuwa wakichelewa bila kulalamika.

VirtualBox iondoe kabisa kwenye DSM-DC01 badala ya kuizuia tu kadi yake isijiandikishe. Kidhibiti cha domeni si mahali pa kufanyia majaribio. Ukimaliza, ifute rekodi ya 192.168.56.1 na uandike `nltest /dsregdns` ili kidhibiti kijiandikishe upya.

La Mwanza ndilo jepesi kuliko yote na unaweza kulifanya leo, bila kusubiri hayo mengine:

`New-ADReplicationSubnet -Name "192.168.30.0/24" -Site "Mwanza"`

Badala ya "Mwanza" weka jina la saiti kama lilivyo kwenu. MWZ-DC01 yenyewe haikuathiriwa na mabadiliko ya anwani kwa sababu saiti ya kidhibiti haibadiliki yenyewe kwa kufuata IP, ndiyo maana ilionekana iko sawa ilhali kompyuta zinazoizunguka zimepotea. Subiri mabadiliko yafike Mwanza, anzisha upya huduma ya Netlogon kwenye kompyuta moja, kisha rudia `nltest /dsgetdc:mfano.local /force`. Katika mstari wa Flags utafute neno CLOSE_SITE. Likiwapo pamoja na jina la MWZ-DC01, kompyuta hiyo imekipata kidhibiti cha jirani. Mbeya haina kidhibiti chake, lakini mtandao wake mdogo nao usajiliwe na uelekezwe kwenye saiti ya Dar es Salaam, la sivyo kompyuta zake zinaweza kuangukia Mwanza.

---

KaramuNaAmri amejibu:

Naongezea moja tu kuhusu ACC-PC03. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hifadhidata ya kampuni nzima iko kwenye mashine ambayo mtu anaweza kuizima jioni anapoondoka. Kabla ya kupanga kuihamishia kwenye seva, uliza ni toleo gani la SQL Server lililomo, kwa kuwa nakala rudufu inaweza kurejeshwa kwenye toleo lile lile au jipya zaidi, lakini haiwezi kurejeshwa kwenye toleo la nyuma yake:

`sqlcmd -S ACC-PC03\SQLEXPRESS -E -Q "SELECT @@VERSION"`

Jina linalofuata mkwaju wa kinyume ulibadilishe kulingana na kile setspn ilichokuonyesha. Ikiwa muunganisho utakataliwa kutoka kwenye kompyuta yako, iendeshe amri hiyo ukiwa juu ya ACC-PC03 yenyewe, maana matoleo ya Express kwa kawaida hayapokei maombi ya TCP kutoka nje hadi yawashwe.